Kabla ya kuandika "ambaye"

Zoezi langu la kwanza la kuunganisha sentensi halibadiliki mwaka hadi mwaka. Naandika ubaoni:

Mama Asha anauza machungwa. Machungwa yanatoka Muheza. Leo hajaja. Mvua imenyesha.

Sentensi sahili nne. Nawaambia, nipeni moja. Kidato cha pili hawakawii: "Mama Asha ambaye anauza machungwa ambayo yanatoka Muheza leo hajaja kwa sababu mvua imenyesha." Sarufi yake haina kosa. Ila isome kwa sauti uone pumzi inavyokukatikia.

Mwanafunzi huyu ameanza kushona kabla ya kukata kitambaa. Jiulize kwanza, habari ni ipi? Hapa habari ni kwamba hajaja. Hicho ndicho kishazi huru, kile kinachoweza kusimama peke yake, na vingine vyote vinakuja kukitumikia. "Yanatoka Muheza" haihitaji hata kitenzi: machungwa *ya* Muheza, basi. Sentensi nzima imemezwa na silabi moja! Tukaishia na "Mama Asha anayeuza machungwa ya Muheza leo hajaja kwa kuwa mvua imenyesha." Na kama habari yako ni mvua yenyewe? "Mvua imenyesha hata Mama Asha wa machungwa hajaja." Mambo ni yale yale manne, lakini uzito umehama.

Kiswahili hupenda kuunganisha ndani ya kitenzi. *Anayeuza, alipofika, akichelewa, wasiojua*: kiunganishi kimeshajificha humo, hukihitaji tena nje. Ndiyo maana "mtoto ambaye aliyekuja" hunikereketa. Ni kama kufunga mlango kwa komeo mbili halafu ukauegemea. Chagua: ambaye alikuja, au aliyekuja. Lakini amba- nayo ina kazi yake. Kirejeshi, yaani ile -ye- ya "aliyekuja" na wenzake, hakikai pamoja na -me-, kwa hiyo hakuna "kitabu kimechopotea", ni "kitabu ambacho kimepotea". Hapo huna ujanja.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka. Kirejeshi kikiingia ndani ya kitenzi, mtenda hurudi nyuma: "kitabu alichonunua Juma", si "kitabu Juma alichonunua". Ukitumia amba-, Juma anakaa mbele kwa raha zake: "kitabu ambacho Juma alinunua". Mtu aliyekulia ndani ya lugha hafundishwi hili, analisikia tu. Siku hizi naliona likivurugwa hata kwenye taarifa za habari.

Viunganishi kama *ingawa*, *ili* na *kwa kuwa* havinipi shida kubwa darasani. Kumbusha tu kwamba baada ya *ili*, kitenzi kinachoishia kwa -a kwa kawaida huigeuza kuwa -e ("nikimbie ili nisichelewe"), uendelee na somo.

Penye mtego wenyewe ni ngeli ya watu. Nami niliwahi kunasa. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Mjomba wa balozi aliyelazwa jana ameruhusiwa." Nilimaanisha mjomba, si balozi wetu wa nyumba kumi. Sasa hiyo a- ya "aliyelazwa" ni ya nani? Mjomba ni a-, balozi ni a-, sentensi imenyamaza. Ingekuwa "baiskeli ya balozi iliyoibwa", ile i- ingenisemea, maana balozi haibwi kwa i-. Viambishi vya ngeli hutuonyesha nani ni nani, mradi majina mawili yasitoke ngeli moja. Yakitoka ngeli moja, vunja sentensi uipange upya: "Mjomba aliyelazwa jana, yule wa balozi, ameruhusiwa." Au ziache mbili, hakuna aliyekulazimisha kuunganisha.

Jioni ile akina mama watatu walifika kwa balozi na mfuko wa matunda kumpa pole ya ugonjwa. Walimkuta barazani anacheza bao.