Kwa Nini Wanyama wa Baharini Hula Plastiki

Watu wakiona picha ya kasa aliyekufa tumbo limejaa mifuko, huuliza: mbona hakutambua kwamba kile si chakula? Ni swali la haki, na jibu lake ndilo linalotuumiza zaidi sisi tunaochunguza bahari. Macho na pua za yule kasa zilikuwa nzima. Zilimwongoza kama zilivyowaongoza kasa wote waliomtangulia kwa mamilioni ya miaka, ila safari hii zilimfikisha kwenye plastiki.

Mfuko mwembamba unaoelea, ukitazamwa kutoka chini jua likiwa utosini, hufanana mno na yavuyavu, ambaye ni chakula cha aina kadhaa za kasa. Tena si sura peke yake. Plastiki ikishakaa baharini kwa wiki kadhaa huota utelezi wa bakteria, mwani na vijidudu vingine, na utelezi huo una harufu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, kasa waliosikia harufu ya plastiki iliyokwisha kuota utelezi waliinua pua juu ya maji kunusa, sawasawa na walivyofanya kwa harufu ya chakula chenyewe. Plastiki safi, ambayo haijawahi kukaa baharini, haikuwavuta namna hiyo.

Ndege wa baharini nao wananaswa kwa mtego huohuo. Mwani mdogo unapoliwa na wanyama wadogo hutoa gesi yenye salfa, na baadhi ya ndege jamaa za albatrosi huifuata gesi hiyo kutoka mbali kwa sababu panaponuka hivyo ndipo penye malisho. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba plastiki iliyoachwa katika maji ya pwani ya California ilianza kutoa harufu hiyo kabla ya mwezi kwisha. Halafu wakalinganisha kumbukumbu za miaka mingi, wakaona kwamba ndege wanaotegemea harufu hiyo kutafuta chakula humeza plastiki mara nyingi zaidi kuliko wasioitegemea. Katika visiwa vya Midway, katikati ya Bahari ya Pasifiki, albatrosi wazazi hurudi kwenye viota na kuwatapikia makinda yao walichookota baharini. Vifuniko vya chupa na viberiti vya gesi hutoka pamoja na ngisi na mayai ya samaki. Kinda halina namna ya kuchagua.

Plastiki ikishafika tumboni huua kwa njia kadhaa. Vipande vyenye ncha hutoboa utumbo. Vingine huuziba, gesi ikajaa ndani, kasa akashindwa kuzamia na kubaki akielea juu ambako boti humgonga. Lakini ipo pia njia isiyo na kishindo: tumbo lililojaa humfanya mnyama ajione ameshiba, anakula kidogo, anadhoofika. Uchunguzi wa kasa wa Australia uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kasa aliyemeza vipande 14 ana uwezekano wa asilimia 50 wa kufa kwa sababu ya plastiki hiyo. Mnamo Machi 2019, nyangumi mmoja aliyekufa Ufilipino alikutwa na kilo 40 za plastiki tumboni, yakiwemo magunia ya mchele.

Hiyo ni plastiki inayoonekana. Jua huifanya iwe kavu na dhaifu, mawimbi yakaisaga, lakini haiozi ikaisha kama ubao au jani. Inagawanyika tu. Vipande visivyofika milimita 5 huitwa maikroplastiki, jina lililoenea baada ya Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake kuchapisha utafiti wao mwaka 2004. Kwa ukubwa huo, kome na chaza huvimeza wanapochuja maji. Hata kopepodi, mnyama mdogo kuliko punje ya mchele anayelisha viumbe wengi wa baharini, huvila. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba akivila hupunguza kula mwani, hutaga mayai madogo, na mayai yenyewe huanguliwa kwa shida. Isitoshe, plastiki hujikusanyia sumu zilizomo majini, kama mabaki ya DDT, dawa ya kuua wadudu. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza aina mpya ya mnyama jamii ya kamba aliyenaswa katika shimo la Mariana, bonde lenye kina kirefu katika Bahari ya Pasifiki, zaidi ya mita 6,000 chini ya maji. Mmoja wa wanyama hao alikuwa na uzi wa plastiki tumboni, ndipo wanasayansi wakaiita aina hiyo Eurythenes plasticus.

Ndiyo maana nasema wazi kwamba plastiki ikishasagika hatuwezi kuitoa tena. Ungo wa kuinasa utanasa pia vijidudu na mayai ya samaki ambayo bahari inayategemea. Chupa inayookotwa ufukweni ikiwa bado nzima ina thamani kubwa kwa sababu hiyo, na wanaojitolea kusafisha fukwe wanafanya kazi ya maana. Hata hivyo kuokota hakuwezi kushindana na viwanda. Mwaka 1950 dunia ilitengeneza takriban tani milioni 2 za plastiki. Sasa ni zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka. Katika taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa hadi mwaka 2015, ni asilimia 9 tu zilizorejelezwa. Mataifa yalikubaliana Nairobi mwezi Machi 2022 kuandika mkataba wa kisheria kuhusu plastiki, lakini mikutano ya Busan mwaka 2024 na Geneva mwaka 2025 ilimalizika bila mapatano, na kikwazo kikubwa kilikuwa iwapo uzalishaji wenyewe uwekewe kikomo. Kwa maoni yangu, mkataba usiogusa uzalishaji utaacha bomba wazi.

Kuna upande mmoja unaosahaulika, nao ni nyavu. Wavu wa nailoni uliopotea huendelea kuvua miaka mingi bila mwenyewe: samaki ananaswa, papa anamfuata, kasa naye anakwama na kukosa pumzi. Katika eneo la Pasifiki ambako mikondo hukusanya taka, utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba nyavu ni karibu nusu ya uzito wa plastiki inayoelea. Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli kisicho na wakazi zaidi ya watafiti na walinzi wachache, kilisafishwa mwaka 2019. Tani 25 zilitolewa, na makadirio yakaonyesha zimebaki takriban tani 500, nyingi zikiwa zana za uvuvi.

Hapa hatua zinajulikana. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2018 unataka zana za uvuvi ziwekwe alama ili mwenye wavu ajulikane, na zinapopotea taarifa itolewe mapema ili zitafutwe. Bandari nazo ziwe na mahali pa kupokea nyavu chakavu bila malipo, kwa sababu mvuvi akitozwa pesa kuzitupa nchi kavu, atazitosa baharini.