Kushea data za utafiti maana yake nini hasa? Mfano wa visukuku vya samaki na miamba ya Bonde la Ufa

Watu wengi wakisikia kushea data wanajua ni kupandisha faili mtandaoni, unatuma linki, kazi imeisha. Hapana jamani. Kushea data ya utafiti ni kuiweka mahali pa kudumu pamoja na maelezo yote yatakayomwezesha mtu ambaye hakujui wala hakuwepo siku mnachimba aifungue, aielewe, apime upya mwenyewe na ikibidi akupinge. Hayo maelezo ndo yanaitwa metadata, na mimi naona ndo nusu ya data yenyewe.

Tuchukue samaki. Huku kwetu tuna visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe) vya samaki wa ajabu sana, mfano miamba ya Ngorora kwenye vilima vya Tugen kule Baringo, Kenya, ina umri wa kama miaka milioni 9 hadi 13 na imehifadhi ndugu wa zamani wa hawa sato, perege na furu tunaowajua, ukoo wa sikilidi. Alafu kuna Mahenge kule Singida, ziwa dogo la kreta (shimo la volkano) la miaka kama milioni 46 iliyopita, ndo alikotoka Mahengechromis ambaye ni kati ya sikilidi wa zamani kabisa wanaojulikana duniani. Shida ni kwamba samaki wa aina hii mara nyingi kalala kwenye jiwe, upande mmoja unaonekana na mwingine umezama ndani, meno ya kooni ndo kabisa huyaoni, na ukisema ukwangue kwa sindano unaweza kuvunja kitu ambacho hakina mbadala. Ndo maana siku hizi wanatumia CT skani, eksirei zinapita, jiwe linazungushwa taratibu, mwishoni kompyuta inakupa picha za vipande vyembamba kuanzia mdomo mpaka mkia.

Sasa piga hesabu. Samaki wa sentimita 4, kila nukta ya skani (inaitwa vokseli) ina upana wa maikromita 20, kwahiyo unapata vipande 2,000. Kila kipande kikiwa na nukta 2,000 kwa 2,000 na kila nukta ikichukua baiti 2, hilo ni faili la gigabaiti 16, samaki mmoja tu! Na ndani ya hizo picha zote inawezekana pasiwepo hata sehemu moja iliyoandikwa ile 20. Ukizifungua kwenye programu inayodhani kila nukta ni milimita 1, samaki wako anakuwa na urefu wa mita 2, na hapo afadhali coz kila mtu ataona kuna kitu hakiko sawa. Balaa ni pale mtu anapokisia 25 badala ya 20, samaki anakuwa wa sentimita 5, hakuna anayeshtuka, vipimo vya taya vinaingia kwenye jedwali la kulinganisha spishi na kosa linaenda mbele kimya kimya. Namba moja tu hiyo.

Upande wa jiolojia ni vilevile, tena naona huku ndo pagumu zaidi maana Bonde la Ufa limepasuka pasuka, tabaka lililokuwa moja unalikuta limekatika, kipande kimeshuka chini huku kingine kimebaki juu. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa namba za eneo unaoitwa Arc 1960 wakati GPS yako inasoma mfumo mwingine, WGS84, ukichanganya hiyo mifumo unakosea karibu mita 300, na kwenye eneo la mipasuko mita 300 zinatosha kukuweka kwenye mwamba wa umri mwingine kabisa. Kwahiyo namba za eneo bila jina la mfumo wake hazikusaidii kitu.

Umri nao hautoki kwa samaki, unatoka kwenye majivu ya volkano yaliyo chini na juu yake, yanapimwa kwa njia ya agoni, yaani gesi inayojikusanya ndani ya madini kadiri miaka inavyopita. Hiyo njia inategemea madini ya kulinganishia ambayo umri wake wenyewe umeshasahihishwa, mfano umri wa madini ya Fish Canyon (jina la mahali Marekani, halihusu samaki wetu) uliokuwa unatumika sana ni miaka milioni 28.02, baadae ukaja 28.201. Kwa samaki wa miaka milioni 12 hiyo ni tofauti ya zaidi ya miaka 70,000. Kama ulishea vipimo ghafi na ukasema ulitumia kipi, mtu anakokotoa upya mezani kwake, ila kama ulitoa jibu la mwisho tu inabidi mtu arudi mlimani.

Kushea pia sio kuanika kila kitu. Mahali kamili pa kuchimba huwa panafichwa au panatajwa kwa ujumla ili wezi wa visukuku wasifike, na hilo naliunga mkono kabisa, mradi namba kamili zibaki makumbusho kwa mtafiti atakayeomba kwa utaratibu. Kibali cha utafiti Kenya kinatoka NACOSTI na Tanzania ni COSTECH, zote ni tume za taifa za sayansi, na makumbusho yanayotunza lile jiwe lazima yakubaliane na leseni utakayoweka kwenye skani, na namba ya kielelezo ya makumbusho iandikwe humo humo.

Pa kuweka papo, kuna hifadhi za mtandaoni, MorphoSource kwa skani, Zenodo kwa karibu kila kitu, na unapewa DOI, yaani namba ya kudumu ambayo wengine wanaitaja wakitumia data yako. Ila gigabaiti 16 zinamuacha nje mwanafunzi anayetumia bando la simu, kwahiyo pembeni ya lile faili kubwa weka na umbo la samaki lililopunguzwa, la megabaiti chache, linalofunguka hata kwenye laptopu ya kawaida, na lile faili dogo nalo liandikwe kipimo chake.