Ile saa ya kwenye grafu ni ya binadamu

Imerudiwa tena wiki hii, na kila inaporudiwa inanenepa: ati Dario Amodei, mkuu wa Anthropic, kampuni inayotengeneza modeli za Claude, kasema akili mnemba itafuta nusu ya kazi zote. Hakusema hivyo. Mei 2025 aliiambia tovuti ya habari ya Axios kwamba huenda ikafuta nusu ya kazi za ofisini za ngazi ya kuanzia, ndani ya mwaka 1 hadi 5, na ukosefu wa ajira Marekani ukapanda hadi asilimia 10 au 20. Huenda. Za ofisini. Za wanaoanza. Ukiyafuta hayo matatu, onyo limeshageuka uvumi.

Wanaomtetea nao wananichosha. Wanatoa grafu ya Machi 2025 ya METR, shirika linalopima uwezo wa akili mnemba, na kutangaza kuwa modeli (yaani programu yenyewe ya akili mnemba) sasa inafanya kazi saa nzima bila kusimamiwa, na muda huo unaongezeka maradufu kila miezi 7. Hiyo miezi 7 ni sawa kwa grafu ile. Saa nzima, hapana!

Saa hiyo ni ya binadamu. Wataalamu wanapewa kazi, wanapimiwa muda. Modeli nayo inapewa kazi ileile: tuseme folda yenye msimbo wa programu ulioharibika, maelekezo, terminali (dirisha la kuandikia amri), na bajeti ya tokeni, yaani vipande vya maandishi inavyoruhusiwa kutumia. Mwishoni programu ya kusahihisha inatoa 1 ikifaulu au 0 ikishindwa. Ukishapitia kazi 170, kuanzia za sekunde chache hadi za saa nyingi, unachora: muda wa binadamu kwenye mhimili mlalo, kwa kipimo cha logi (kila hatua inazidisha muda badala ya kuujumlisha), na kiwango cha kufaulu kwenye mhimili wima. Mkunjo unateremka kadiri kazi zinavyorefuka, na pale unapokata asilimia 50 ndipo unaposoma upeo wa modeli. Kwa Claude 3.7 Sonnet, modeli ya Anthropic, ulikuwa kama dakika 59 za binadamu. Modeli yenyewe inaweza kumaliza kwa dakika chache, au ikazunguka palepale mpaka tokeni ziishe.

Sasa itazame hiyo asilimia 50. Ni sawa na kurusha shilingi. Ukidai asilimia 80, upeo wa modeli hiyohiyo unashuka hadi dakika 15 hivi. Na kazi za ofisini huja zimeshikana. Chukua hatua 5, kila moja ikifaulu mara 8 kati ya 10: 0.8 mara yenyewe mara tano ni 0.33. Mnyororo unafika mwisho mara 1 kati ya 3. Hata kila hatua ikiwa na asilimia 95, hatua 10 zinakupa 0.60 tu. Kosa la hatua ya 2 halipigi kelele: modeli inabadilisha jaribio lenyewe la kukagua msimbo ili lipite, inaandika "imekamilika", na hatua ya 3 inajengwa juu ya uozo. Ukiweka mtu wa kukagua katikati unauokoa mnyororo, ila muda unaulipia. Katika jaribio la METR la Julai 2025, watengenezaji programu wazoefu 16, kwenye kazi 246, walichelewa kwa asilimia 19 walipotumia zana za akili mnemba, huku wenyewe wakiamini wameharakishwa kwa asilimia 20.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema onyo hili ni biashara tu. Amodei anauza modeli, kweli. Lakini kwa kipimo hichohicho GPT-2 ya 2019, modeli ya kampuni ya OpenAI, ilikuwa na upeo wa sekunde 2 hivi, na GPT-4 ya 2023 kama dakika 5. Mwendo huo upo, awe anauza au hauzi.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Kazi zile 170 karibu zote ni za kompyuta, zina jibu ambalo programu inaweza kulisahihisha. Karani mpya anayelinganisha ankara na hati za kupokelea mzigo, kisha akampigia msambazaji kuuliza katoni 3 zimeenda wapi, hana wa kumpa 1 au 0. Ile asilimia 10 au 20 ya ukosefu wa ajira aliyoitaja Amodei haisomeki kwenye grafu ile. Ni makisio yake. Siwezi kuyakanusha, na hesabu ya kuyathibitisha sina.