Je, wajua kwa nini picha ya hadubini hukataa kufunguka kwenye kompyuta nyingine?

Mwanafunzi anapiga picha ya slaidi ya damu katika maabara moja hapa Nairobi, ananakili faili kwenye diski, kisha anapanda matatu kwenda kwao Kikuyu. Akifika anabofya, na kompyuta inamjibu kwamba haiitambui faili hiyo. Diski ni nzima na faili haina kasoro. Shida ni kwamba karibu kila kampuni ya hadubini huhifadhi picha kwa fomati yake, yaani namna yake ya kupanga data ndani ya faili, na aghalabu programu ya kuisoma huuzwa na kampuni hiyohiyo.

Fomati hizo zimezidi. Bio-Formats, programu huria ya mradi wa Open Microscopy Environment, husoma zaidi ya 150.

Basi si tuhifadhi kwa TIFF tu, fomati ya picha inayofunguka kwenye kompyuta nyingi? Hebu tupige hesabu. Eneo la milimita 15 kwa 15, kila pikseli ikiwa robo ya maikromita (maikromita elfu moja ni milimita moja), lina pikseli 60,000 kwa 60,000, yaani bilioni 3.6. Kwa rangi tatu, baiti moja kila rangi, hiyo ni zaidi ya GB 10, ilhali TIFF ya kawaida haivuki GB 4. Tena ukibadilisha faili ovyo, kipimo cha pikseli hupotea. Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8. Bila kipimo hicho, utajuaje ukubwa wa kimelea kilicho ndani yake?

Ndiyo maana watafiti wanahamia OME-Zarr, fomati huria ambayo maelezo yake yako wazi kwa yeyote. Hukata picha vipande vidogo na kuiweka kwa viwango kadhaa vya ukubwa, vipimo vikiwa humohumo. Ni kama ramani ya simu: ukitafuta Gikomba, simu haipakui Kenya nzima, huleta vipande vya Gikomba tu. Kwa sisi tunaonunua bando, hilo si jambo dogo. Na Zarr yenyewe, fomati ya data ambayo OME-Zarr imejengwa juu yake, ilianzishwa na mtafiti Alistair Miles huko Oxford, alipokuwa akichambua jenomu za mbu wa malaria, data inayotuhusu sisi moja kwa moja.

Ina ugumu wake: picha moja yaweza kuwa maelfu ya vifaili, na kuvinakili kwenye diski huchosha. Faili asilia nayo usiifute.

Maabara yako ikinunua hadubini, muulizeni muuzaji kabla ya kulipa: picha zitatoka kwa OME-TIFF (TIFF ya Open Microscopy Environment, inayobeba vipimo ndani yake na inayoweza kuvuka GB 4) au OME-Zarr, vipimo vyote vikiwemo? Jibu lake liandikwe kwenye mkataba.