Bata sio bata, kuku sio kuku: familia ya lugha ni kitu gani

Mtu akirudi kutoka Dubai au Doha ambako alikuwa anafanya kazi na Wafilipino, utamsikia anasema aisee wale wanaongea kama sisi, meza wanaita mesa, bendera wanaita bandila, asante wanasema salamat. Mwingine aliyeishi na Mnaijeria wa kaskazini naye anakuja na yake, kwamba Kihausa ni Kiswahili kabisa, jamaa wanasema lafiya, labari, duniya. Basi hapo Kihausa, Kitagalogi (lugha ya hao Wafilipino) na Kiswahili zishakuwa ndugu wa tumbo moja. Sio hivyo jamani, na ili kuelewa kwa nini, lazima ujue familia ya lugha maana yake nini.

Familia ya lugha ni lugha zilizotoka kwenye lugha moja ya zamani, wenyewe wakatawanyika, kila kundi likawa linatamka kivyake kidogo kidogo mpaka baada ya miaka elfu kadhaa hawaelewani tena. Kiswahili, Kisukuma, Kigikuyu na Kizulu ni Kibantu, na Kibantu chenyewe kiko ndani ya familia kubwa inaitwa Niger-Kongo. Huo ndo ukoo. Kukopa maneno ni ishu nyingine kabisa, hiyo inatokana na biashara, dini na kutawaliwa.

Sasa cheki hayo maneno ya mwanzo. Labari ni habari yetu hii hii, ila Wahausa walibeba neno la Kiarabu pamoja na ile "al" ya mbele, kwa hiyo al-khabar ikawa labari, afya ikawa lafiya, wakati ikawa lokaci (hiyo c inasomwa ch). Sisi tuliiacha "al" wao wakabaki nayo, lakini duka ni moja. Mesa ya Wafilipino imetoka kwa Wahispania waliowatawala kuanzia 1565 mpaka 1898, meza yetu imetoka kwa Wareno, na Kihispania na Kireno ndo ndugu wa kweli hapo, sio sisi. Salamat nayo ni Kiarabu, ilifika visiwani kupitia Kimalei cha wafanyabiashara, na hukom, yaani hakimu, ilipita njia hiyo hiyo.

Ukitaka ukoo usiangalie meza wala afya, angalia vitu ambavyo watu hawakopi hovyo: mimi, wewe, kufa, namba ndogondogo. Kihausa "nimekuona" ukimwambia mwanaume ni na gan ka, ukimwambia mwanamke ni na gan ki. Aliyepita madrasa hapo lazima ashtuke, maana hiyo ka na ki ndo iko kwenye Kiarabu pia. Ameenda, mwanaume ni ya tafi, mwanamke ni ta tafi, na Kiarabu nacho kinatumia ya na ta mbele ya kitenzi namna hiyo. Kufa ni mutu, Kiarabu maut. Sasa huo sio mkopo, huo ni urithi. Kihausa kiko kwenye familia ya Afro-Asia pamoja na Kiarabu, Kiebrania, Kiamhara, Kisomali na, wengi hawajui hii, Kiiraqw cha kwetu Mbulu kule Manyara. Yaani Mmbulu ana undugu wa lugha na mtu wa Kano, mji wa Wahausa, kuliko alionao na jirani yake Mnyaturu, ambaye lugha yake ni Kibantu.

Kitagalogi kiko kwenye familia ya Austronesia, huko kuna Kimalei, Kimaori, Kihawaii, na ndugu mmoja amehamia huku kwetu: Kimalagasi cha Madagaska. Hesabu nne Kitagalogi ni apat, Kimalagasi efatra. Sita ni anim, kule enina. Saba pito, fito. Nane walo, valo. Kati yao kuna Bahari ya Hindi nzima na bado namba zinasikilizana!

Tukiziweka zenyewe kwa zenyewe, Kihausa na Kitagalogi hazifanani hata kidogo. Kihausa kila kitu ni kike au kiume, Kitagalogi wana siya tu, sawa na yeye yetu. Wingi wa Kihausa unakariri tu, gida ni nyumba, nyumba nyingi gidaje, mota inakuwa motoci, yaro yani mvulana inakuwa yara, wakati Mfilipino anaweka mga mbele (inasomwa mang'a) kamaliza. Kihausa kina toni, kuka ni kilio na kuka ni mbuyu, ukipandisha au kushusha sauti vibaya umeharibu. Kitagalogi kinabeba mkazo tu, kama sisi na barabara zetu mbili. Ila kinachonifurahisha mimi ni kwamba Kitagalogi kinapasua neno katikati: kain ni mzizi wa kula, kumain amekula, kakain atakula, kumakain anakula. Sisi tunabandika mbele na nyuma, wao wanaingiza "um" tumboni mwa neno. Na kitenzi kinatangulia, bumili ng isda ang bata, neno kwa neno ni "alinunua samaki mtoto", na aliyenunua ni mtoto. Mhausa anaanza na mtu kama sisi, yaro ya sayi kifi.

Na mmeona hiyo bata? Ni mtoto. Haijakopwa, haijarithiwa, ni sauti zimegongana tu, kama ambavyo kuku kwa Kihausa ni mpishi, walilitoa kwenye Kiingereza. Kwa hiyo ukiwa Kano ukasema unataka kuku wa kukaanga watakutazama vibaya, na ukiwa Manila usije ukamwambia mtu kwamba wikiendi nzima ulikuwa unakula bata.