Mafuriko ya alamu ni nini?

Katika chumba cha kuendeshea mitambo, alamu ni ujumbe unaomtaka opereta afanye jambo, tena ndani ya muda maalumu. Kama hana la kufanya, hiyo ni habari tu, ikae kwenye orodha ya matukio. Mafuriko ya alamu ni pale opereta mmoja anapopata zaidi ya 10 ndani ya dakika 10.

Viwanda vya shaba vya Lubumbashi vinayafahamu vizuri. Kurani ya umeme ikiyumba kidogo, pampu ya kupeleka maji ya shaba kwenye elektrolisisi (kutoa shaba kwenye maji hayo kwa umeme) inazima. Hapo hapo kioo cha kompyuta kinajaa alamu: mota imesimama, mtiririko umepungua, presha imeshuka, tangi la mbele linakauka, la nyuma linajaa. Tukio moja, alamu 5. Pampu 20 zikizima pamoja ni alamu 100, na katikati yake imefichika ile ya tangi la asidi linalokaribia kumwagika.

Tarehe 24 Julai 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, maopereta wawili walipata alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Watu 26 waliumia.

Vioo vipya peke yake haviponyi tatizo hili, vinaweza hata kulizidisha. Zamani kila alamu ilihitaji waya wake na taa yake, kwa hiyo watu walifikiri kwanza. Kwenye kompyuta inaongezwa bure.

Anza na alamu 10 zinazolia zaidi kwa mwezi. Mara nyingi hizo chache ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kelele. Ile inayowaka na kuzima kila mara, ipe nafasi ya kurudi, yaani isizime mpaka kipimo kirudi mbali kidogo na kikomo chake: kwa kiwango cha tangi, karibu 5%. Alamu ya mtiririko mdogo inyamazishwe yenyewe pampu inapokuwa imesimama. Alamu za daraja la juu, yaani za haraka zaidi, zisipite 5% ya zote, la sivyo rangi nyekundu inakosa maana.

Kisha pigeni hesabu ya muda. Tangi la asidi likipanda 2% kwa dakika, na kumtuma mtu kufunga vali kukichukua dakika 8, litapanda 16% kabla vali haijafungwa. Alamu iliyowekwa kwenye 95% inamwachia opereta dakika mbili na nusu. Iwekwe chini ya 84%.