Je, wajua kwa nini jina la Mnyakyusa linaweza kuwa sentensi nzima?

Siku ya chanjo Tukuyu au Kyela, mkoani Mbeya, muuguzi akiita "Atupele!" usishangae wakiinuka kina mama wawili, mmoja kapakata mtoto wa kike, mwingine wa kiume. Atupele, Ambwene, Atuganile, Tusekile, Tupokigwe: ukiishi Rungwe muda kidogo utayasikia yote. Mbona yanaanza kwa kufanana hivi, na mbona hayabagui jinsia?

Sababu ni kwamba ndani ya kila moja kuna kitenzi kamili. Kinyakyusa ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kiswahili, kwa hiyo hata mtu wa pwani anaweza kulipasua jina mwenyewe. A-tu-pele: ametupa. Atuganile: ametupenda. Ambwene, jina alilopewa AY wa Bongo Fleva na wazazi wake, ni "ameniona". Yale ya Tu- yanawasemea waliotendewa: Tusekile, tumefurahi; Tupokigwe, tumeokolewa.

Nani katupa? Nani kaniona? Hatajwi, kwa kuwa kila mtu pale nyumbani anamjua: ni Kyala, yaani Mungu. Mzazi anasema "ndaga fijo", asante sana, na mtoto anaibeba shukrani hiyo mpaka uzeeni. Sasa mtoa ni Mungu na waliopewa ni familia nzima. Jinsia ya mtoto itaingilia wapi?

Lipo pia kundi la majina mafupi: Lusajo ni baraka, Lugano upendo, Lwitiko imani, Ipyana neema. Haya yana harufu ya kanisani. Wamisionari wa Moraviani na wale wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, wakahubiri kwa Kinyakyusa, na kina Yohana na Maria wakaingia kwa wingi. Kwangu la ajabu ni kwamba majina ya nyumbani hayakufutika. Familia nyingi humpa mtoto yote mawili, kisha ndiyo unafuata ubini wa Mwa- unaotaja ukoo, kama Mwandosya au Mwakyembe.

Kasheshe iko kwenye kuandika. Lwitiko akivuka Makambako kuelekea Dar es Salaam anaweza kugeuka Luitiko. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha shule kinasema vile, mwisho wa siku unamtafuta wakili akuandikie kiapo. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, na Mbeya ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, mwaka 2013, kuanza kuwapa watoto wa chini ya miaka mitano vyeti kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Kwa hiyo taja herufi moja moja, na usome cheti kabla hujaondoka dirishani. Angalia na pale palipoandikwa jinsia, maana kwa Atupele karani hana pa kubahatisha.